Mshenga wa Shaba

Jumatatu, 5 Juni

Barua imefika. Mkaguzi wa Mamlaka ya Mazingira aliyechota maji yetu mwezi uliopita ameleta majibu: shaba 4.6. Inayoruhusiwa ni miligramu moja kwa lita. Moja! Tumezidisha zaidi ya mara nne, na mimi ndiye niliyeajiriwa kusafisha maji hayo.

Tarehe 26 anarudi kuchota tena. Yakizidi moja, sehemu ya kupaka shaba inafungwa. Na bila shaba hapa hakuna karakana. Kuna mashine ya kutoboa matundu na watu kumi na mmoja wanaotazamana.

Shangazi aliisoma barua amesimama. Karakana ni yake. Ni dada mkubwa wa marehemu baba, na ndiye aliyenipa kazi hii miezi minane iliyopita, wakati kila mlango ulikuwa umenifungia. Hakunifokea. Heri angefoka! Alisema tu kwamba maji ni yangu, akarudi kwenye simu yake.

Naandika hapa kwa sababu nikisema kwa sauti nitalia.

Na kazi yenyewe naipenda, ndiyo tatizo. Bodi ya saketi inaingia na matundu mia tatu, membamba kama ya sindano, kuta zake plastiki tupu, umeme haupiti. Inachovywa kwenye bafu la kwanza, beseni la kemikali. Dakika ishirini. Inatoka na matundu ya rangi ya waridi, shaba mpaka ndani! Halafu bafu la pili, la asidi na umeme, linainenepesha ile shaba. Kila siku natazama na kila siku nafurahi kama mara ya kwanza.

Lakini bodi husuuzwa, na maji ya kusuuza huondoka na shaba kidogo. Hiyo kidogo ndiyo kesi yangu. Unatia chokaa, shaba inazama chini na kuwa tope la buluu, maji masafi yanapita juu. Kitabu kinasema hivyo. Maji yetu hayajasoma kitabu.

Jumanne, 6 Juni

Nimeongeza chokaa. 4.4.

Nimeongeza tena. 4.5. Yamepanda!

Nina tope la kutosha kusiliba nyumba nzima. Mzee Matone alipita, akachungulia pipa, akaniambia chokaa si dawa ya kila kidonda. Nilimjibu vibaya. Nitamwomba radhi kesho.

Mzee Matone ndiye bwana wa mabafu. Miaka thelathini na moja mbele ya ndoo na moshi. Jina alipewa kwa sababu akiinua fremu ya bodi kutoka bafuni hasogei mpaka idondoke matone yote. Anahesabu kwa midomo, polepole, kama anaomba dua. Siku hizi anahesabu mpaka kumi tu. Oda ya bodi za mizani za zahanati ni kubwa, na Shangazi alimwambia aache kuzibembeleza.

Alhamisi, 8 Juni

Sikumwomba radhi jana. Nimemwomba leo. Akasema hakusikia nilichosema, masikio yake yana asidi. Mwongo mzuri yule.

Kinyozi wangu — mume wangu, lakini nikimkasirikia namwita kwa kazi yake — anasema nywele zangu zinanuka sarafu. Nikamwambia zake zinanuka vichwa vya watu. Tulicheka. Nilihitaji kucheka.

Leo nimefanya nilichopaswa kufanya tangu Jumatatu. Nimeacha kuchota kwenye tangi kubwa ambako maji yote yanachanganyika. Nimechota ndoo ya maji ya kusuuza ya kila bafu peke yake, nikatia chokaa kila moja.

Ndoo ya bafu la pili: 0.3. Safi kabisa!

Ndoo ya bafu la kwanza: haikuzama hata chembe.

Nusu kwa nusu: haikuzama. Yaani maji ya bafu la kwanza yanayaharibu hata yale mazuri. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Kuna kitu kwenye bafu la kwanza kinachoishika shaba na hakiachii. Ni kitu gani? Orodha ya kemikali tuliyoipa Mamlaka naijua kwa moyo, niliiandika mwenyewe. Chumvi ya shaba, kostiki ile soda kali, formalini. Hakuna kingine.

Ijumaa, 9 Juni

Ardhi ingepasuka ningeingia kwa hiari yangu.

Nilimwendea Mzee Matone, nikampa shikamoo ya heshima zote, nikamwomba anitajie anachotia kwenye bafu la kwanza. Akahesabu kwa vidole. Shaba. Kostiki. Formalini. Na Mshenga.

Nikauliza, huyo kibarua anahusikaje?

Akanitazama. Kibarua gani?

Nikasema: Mshenga! Yule aliyekuwa anakusaidia!

Mzee alikaa chini kwenye ndoo. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamletea maji. Kisha akanipeleka stoo, akafunua pipa la unga mweupe. Karatasi ya jina imeliwa na unyevu, zimebaki herufi nne. EDTA.

Namjua huyu! Nilimsoma chuoni! Kazi yake ni kushika shaba.

Mzee ana maelezo yake, na ni mazuri kuliko ya chuoni. Shaba ni bibi harusi, anasema. Ukimwacha peke yake ndani ya kostiki anazimia, anaanguka chini. Lazima awepo wa kumshika mkono mpaka amfikishe kwa bwana, pale kwenye tundu. Ndiyo maana wakamwita Mshenga, tangu enzi za fundi aliyemfundisha yeye.

Nikamuuliza, na harusi ikiisha?

Akajibu: umeona wapi mshenga akaondoka kabla ya kula?

Basi hiyo ndiyo kesi yangu yote. Bodi zimeshapakwa, maji yanaondoka, na Mshenga bado amemshika bibi harusi mkono mpaka kwenye bomba la maji taka. Chokaa inaita, haisikiwi.

Sasa aibu yenyewe. Wiki yangu ya kwanza Shangazi alinipa fomu ya Mamlaka niijaze. Kemikali gani mnatumia. Wafanyakazi wangapi wanazigusa. Nilikuwa na haraka ya kuonekana hodari. Sikwenda kuuliza. Nilichukua daftari la mabafu nikanakili. Na daftari la Mzee limeandikwa hivi — leo nimelisoma upya:

"Mshenga kaingia saa tatu."

"Mshenga hatoshi, kazi nzito."

"Mshenga hayupo leo, bafu limesimama."

Ungedhani nini? Niliandika: kemikali tatu, wafanyakazi wa bafuni wawili. Nikamwombea Mshenga glavu. Nikamwagizia buti, namba tisa! Baadaye nisipomwona nikajua ameacha kazi, na nikamdharau kidogo kwa kuacha.

Buti nimempa Mzee Matone leo hii. Zimemtosha. Amezivaa akitembea kwa madaha, anasema Mshenga ni mtu mkarimu.

Lakini fomu ina sahihi yangu chini. Kemikali moja haimo, miezi minane. Hapo sicheki.

Jumatatu, 12 Juni

Chupa kumi na mbili dirishani. Mzee ananiita Mama Chupa.

Wazo ni hili: Mshenga haachi mkono mpaka apate mkono mwingine. Kwa hiyo mpe chuma! Unatia asidi kwanza, maji yawe makali, kisha chumvi ya chuma, unakoroga nusu saa, ndipo chokaa. Mshenga anamdaka chuma, shaba inabaki peke yake, inazama.

Chupa ya kwanza hadi ya tano: uchafu wa rangi ya kutu. Ya sita: 3. Chuma kidogo mno. Ya tisa, niliikoroga mpaka mkono ukafa ganzi —

0.6!

Nilipiga kelele. Mtu wa mashine ya kutoboa alizima mashine akidhani nimeungua. Mzee Matone akaja na buti zake, akaitazama chupa, akasema nimemwozesha Mshenga mwenyewe ili awaachie wake za watu.

Nimefurahi! Naandika tena: nimefurahi!

Jumatano, 14 Juni

Chupa si tangi. Tangi zima limetoa 2.1.

Sababu naziona. Maji yote yanaingia kwenye bomba moja, kwa hiyo Mshenga yuko kila mahali na chuma hakimfikii. Yakitenganishwa, maji ya bafu la kwanza yawe na tangi dogo lao, naweza. Fundi bomba anasema siku mbili. Siku mbili za mabafu kusimama.

Pia matone. Tangu Mzee apunguziwe hesabu kutoka thelathini hadi kumi, bodi zinaondoka bafuni zimelowa. Mimi nasafisha kilichopaswa kubaki bafuni.

Nilimwambia Shangazi vyote viwili. Alikataa vyote viwili. Mwenye oda anapiga simu kila asubuhi. Nikamwambia tukifungwa hatapiga tena. Akaniuliza tangu lini nimekuwa na mdomo huu. Nikamwambia nimeurithi kwake.

Nilidhani ndiyo basi, nimefukuzwa. Lakini Shangazi alitoka, akaenda mpaka bafuni na viatu vyake vya ofisini, akamwambia Mzee ainue fremu. Akahesabu mwenyewe kwa sauti. Kwenye kumi, chini ya fremu palikuwa bado pananyesha. Kwenye ishirini bado yanadondoka. Alifika thelathini, likadondoka moja la mwisho.

Akasema fundi bomba aje kesho. Akamwambia Mzee ahesabu anavyojua.

Jumamosi, 17 Juni

Mabomba yametengana. Fundi bomba kapiga rangi nyekundu lile la bafu la kwanza bila kuambiwa. Msanii!

Tangi dogo, chuma, chokaa, mkorogo wa saa nzima. Leo: 0.9.

Chini ya moja. Kwa unywele, lakini chini. Watu walipiga makofi. Shangazi hakupiga, ila aliagiza chai ya kila mtu.

Jumapili, 18 Juni

Nyumbani. Nguo zimefuliwa, sina la kufanya, na fomu imenikalia kifuani.

Nimesoma kanuni zote, hata maandishi madogo ya nyuma. Kutotaja kemikali, kibali kinaweza kusimamishwa. "Kinaweza." Neno dogo, linaninyima hamu ya kula. Hata maji yakiwa masafi kama machozi.

Na nikinyamaza? Orodha ibaki kemikali tatu. Maji yamepona. Nani atajua?

Kinyozi wangu alisikiliza mpaka mwisho, jambo adimu. Akauliza kitu kimoja: Mkaguzi akisoma kuwa tunatia chuma, hatauliza ni cha nini?

Sikuwa nimefikiria hilo. Halafu nikajigundua: sababu hiyo haikunisumbua sana. Kinachonisumbua ni kwamba chini ya bomba letu kuna watu, na Mamlaka inadhani inajua tunachowamwagia.

Jumanne, 20 Juni

0.7.

Nimemwambia Shangazi habari ya orodha. Hakuwa anajua. Alipofika kwenye buti namba tisa alifunika uso kwa mtandio, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka!

Kisha akaacha kucheka. Akasema tusubiri. Ukaguzi upite kwanza, leseni, kile kibali chetu, igongwe muhuri, tutarekebisha baadaye, taratibu. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe.

Nikasema njia ya mwongo fupi, Shangazi.

Akasema hajaniomba niseme uongo, ameniomba nivumilie.

Alhamisi, 22 Juni

0.6. Maji yanazidi kuwa mazuri na mimi nazidi kuwa mbaya. Nimemfokea mtu wa mashine ya kutoboa kwa kupiga mluzi.

Tumegombana tena, mimi na Shangazi. Mlango wazi, wote wamesikia. Alisema amejenga mahali hapa na mikono miwili, kaka yake akimcheka, watu wakimwambia mwanamke na asidi wapi na wapi. Na sasa mtoto wa huyo huyo kaka aje aandike barua ya kumfungia!

Iliniuma. Baba alimcheka kweli. Alituambia mwenyewe, na alijuta.

Mwisho akasema sahihi ni yangu, si yake, nifanye nitakalo. Sijui kama ni ruhusa au talaka.

Ijumaa, 23 Juni

Nimeandika. Karatasi moja. Kemikali ya nne, jina kamili, kiasi kwa wiki, lini ilianza kutumika. Nimeandika kuwa kosa ni langu, nilinakili daftari bila kuuliza. Wafanyakazi wa bafuni: mmoja, si wawili. Jumla kumi na mmoja, si kumi na wawili. Na jinsi tunavyosafisha maji sasa, hatua kwa hatua.

Nilimpelekea Shangazi aisome kabla. Alisoma na miwani, akarudia bila miwani.

Akauliza mbona sijaandika kwamba yeye ndiye aliyepunguza hesabu ya matone.

Nikasema hilo halikuulizwa kwenye fomu.

Akasema hata buti hazikuulizwa, nikaziagiza. Akachukua kalamu akaandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kushoto. Akaweka sahihi chini ya yangu. Hataki niende peke yangu, alisema, akanirudishia karatasi bila kunitazama.

Nilienda stoo kulia kidogo. Nampenda yule mama. Ni mgumu kama tope likikauka na nampenda.

Jumatatu, 26 Juni

Saa mbili asubuhi. Kipimo changu cha leo: 0.5. Mara tatu nimerudia. Mzee Matone amenyoa ndevu.

Saa nne kasoro. Mkaguzi amefika. Mwanamke mfupi, mkoba mkubwa kuliko yeye, salamu moja na moja kwa moja bombani. Amechota chupa tatu, akazifunga kwa lakiri. Moja ameipima hapa hapa kwa kipimo chake kidogo. Amesoma. Akasoma tena. Akaandika 0.5! Nusura nimkumbatie. Mbili zilizobaki zinakwenda maabara yao.

Hapo ningeweza kunyamaza. Niseme ukweli, kwa pumzi moja nilitaka kunyamaza. Leseni ilikuwa mezani, muhuri ameutoa mkobani. Nilimwona Shangazi anautazama muhuri. Halafu akanitazama mimi, akanipa ishara kwa kidevu.

Nikaitoa karatasi.

Mkaguzi aliisoma. Alifika kwenye idadi ya watu, akainua uso. Aliyepungua yuko wapi? Sauti imebadilika. Ameungua? Amekufa?

Nikamwambia hajawahi kuzaliwa.

Ilibidi nieleze yote. Daftari, glavu, buti, bibi harusi. Mzee Matone akaitwa atoe ushahidi, akautoa na buti miguuni. Mkaguzi hakucheka. Mdomo ulimcheza kidogo upande mmoja, basi. Akasema miezi minane ni mingi. Akarudisha muhuri mkobani. Akatoka nje kupiga simu kwa mkubwa wake.

Saa nne na nusu. Bado yuko nje. Namwona dirishani, anatembea mpaka getini na kurudi. Anasema "hapana" mara nyingi. Hapana ya nini? Shangazi amekaa ubavuni kwangu, si kwenye kiti chake cha bosi. Mkono wake uko juu ya goti langu.

Saa tano. Amerudi. Naandika haraka, ametoka tena.

Aliuliza, huyu Mshenga, karakana nyingine zinamwita nani?

Mzee akasema kila mahali na jina lake. Kuna wanaomwita Shemeji. Alikofanya kazi zamani walimwita Gundi.

Mkaguzi akashusha kalamu. Anakagua karakana nyingine sita, alisema. Sita! Zote zinatia chokaa, zote shaba haizami, mbili zimeshafungwa na watu wako nyumbani. Hakuna hata moja iliyoandika kitu hiki kwenye orodha. Yeye mwenyewe alidhani ni uvivu wa kusafisha. Mkubwa wake anataka tufungwe kama hao wengine, yeye amemwomba asubiri.

Kuhusu leseni yetu hajasema ndiyo, hajasema la. Iko hapa mezani, haina muhuri.

Amesema niandae zile chupa zangu kumi na mbili, nimwonyeshe kuanzia mwanzo, polepole, kama namfundisha mtu ambaye kesho itabidi awafundishe wengine. Amekwenda garini kuchukua mafaili.

Mzee anatafuta chumvi ya chuma. Shangazi, ambaye hajawahi kumpisha mtu kwenye meza yake, ameondoa simu, ameondoa vikombe, sasa anaipangusa kwa mtandio wake mwenyewe. Mlango unafunguliwa — Mkaguzi anausukuma kwa kiwiko, mikono imejaa mafaili —